Mito Kondri

Wiki iliyopita mhudumu mpya wa maabara yetu alimwaga nusu chupa ya javeli, ile dawa kali ya kusafishia, sakafuni, na harufu ikapanda mpaka mezani kwangu. Wenzangu walifungua madirisha, wakakohoa, wakamlaumu yule kijana wa watu. Mimi nilikaa palepale nikavuta pumzi, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya mama yangu. Watoto wengine wa Ngagara, mtaa wetu wa Bujumbura, mama zao walinukia mawese, au sabuni, au marashi ya Jumapili. Wangu alirudi kazini kila siku na mikono iliyopauka, na hata alipokula dagaa wetu, ndagala, kwa mkono, javeli iliwashinda ndagala. Nilidhani mama wote wananukia hivyo wakiwa safi kabisa.

Alikuwa mfagiaji wa hospitali. Nyumbani tulikuwa watatu mara nyingi: Mama, mimi, na Koko, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliyevuka kutoka Uvira, Kongo, kabla sijazaliwa na kukataa katakata kujifunza Kirundi. Baba alikuwa dereva wa lori, na barabara zilipoharibika kwa sababu ya vita alikwama Tanzania wiki baada ya wiki. Waliokuwa watoto Bujumbura miaka ile hawahitaji kuelezwa. Wengine nitawaambia tu kwamba kwa mtoto wa miaka minane vita vilikuwa hasa ni ratiba. Shule inafungwa, shule inafunguliwa. Kuvurefe, amri ya kutotoka nje usiku, inaanza saa hii, kesho inaanza saa ile. Umeme unakatika kwa sababu watu wameangusha nguzo huko milimani, unarudi, watoto wa kartye nzima, mtaa wote, tunapiga kelele za furaha, halafu unakatika tena kabla hatujamaliza kupiga kelele.

Mwaka ule shule ya wauguzi ilitangaza kwamba itachukua wafanyakazi wa hospitali waliofika angalau mwaka wa pili wa sekondari. Mtihani ungekuwa wa mdomo, na watakaofaulu wangesomea uuguzi huku wakiendelea na kazi. Waliozidi miaka thelathini na mitano wasijisumbue. Mama alikuwa na thelathini na mitano kamili. Alitueleza habari hiyo akichambua maharage, bila kuinua macho, na ndivyo alivyofanya kila alipokuwa na jambo zito.

"Miaka saba mi napangusa ile chumba ya majeruhi," alimwambia Koko. "Infirmière akiingia kufunga kidonda, najua atafanya nini mbele hajafanya. Kama siingii mwaka huu, nitapangusa mpaka mugongo ikatike."

"Utaingia," Koko akasema.

"Biolojia, Mama. Wanauliza biolojia."

Biolojia Mama aliyokumbuka ilikuwa ya mbegu za maharage kuota kwenye pamba yenye maji. Baada ya hapo alikuwa ameacha shule.

Bahati yetu ilikuwa Madamu Goreti, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mwalimu wa biolojia, shule yake ilikuwa imefungwa, na mtu yule hakuweza kukaa bila kufundisha. Ungemkuta anawaeleza wauza mandazi habari za chachu. Akajitolea kuwafundisha watahiniwa wa mtaani kwenye baraza lake, Jumanne na Alhamisi, saa tisa mchana. Tatizo ni kwamba saa tisa mchana Mama alikuwa bado na ndoo mkononi. Mimi nilisoma zamu ya asubuhi, na mchana nilikuwa huru.

"We utaenda," akaniambia. "Kiti yangu isikae bure. Unaandika mbio kuliko mi. Kila kitu Madamu anasema, andika. Hata akikohoa, andika."

Nilimtii kwa moyo wote. Katika kaye ile, daftari langu la masomo yale, ukurasa wa kwanza, imeandikwa mara tatu: *Madamu amekohoa*.

Wanafunzi walikuwa watu wazima sita, na mimi wa saba, miguu inaning'inia. Madamu alitundika ubao wake mdogo kwenye msumari, lakini chaki zilikuwa chache na alizitumia kwa michoro tu, maneno aliyasema. Alisema kwa Kirundi, akaongeza Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili kwa ajili yetu sisi wa kutoka ng'ambo ya ziwa. Nilishika nilichoweza. Siku ya tatu alichora duara, akaweka ndani yake vitu vingi virefu virefu, akajipangusa chaki.

"Mutu anatoa wapi nguvu?" akauliza. "Ya kutembea, ya kufikiri, ya moyo kupiga? Mu kila selile muko santrali. Santrali yenyewe njo mitokondri."

Hapa inabidi nieleze akili yangu ilikuwaje. Santrali niliijua. Kila mtu Bujumbura aliijua, maana kila umeme ulipokatika watu walisema santrali hivi, santrali vile. Nilijua pia kwamba santrali iko mtoni, Baba alikwisha nieleza: maji yanazuiwa, yanajaa, yanaachiwa yapite mahali pamoja kwa nguvu, yanazungusha gurudumu, na gurudumu linatoa umeme. Kwa hiyo Madamu aliposema santrali ni *mito*, niliona jambo la kawaida kabisa. Na mito ina majina. Kuna Ruzizi, kuna Ntahangwa inayopita karibu nasi. Hii iliitwa Kondri. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Santrali njo mito Kondri.*

Na selile pia niliijua, wala haikuwa ile seli ya mwili aliyoisema Madamu. Selile ilikuwa kikundi cha akina mama wa kanisa waliokutana kila Jumatano nyumbani kwa mmoja wao kuomba. Koko alikuwa kiongozi wa selile ya kwetu.

Nikainua mkono. "Madamu, ile mito Kondri iko mbali?"

"Apana, mwana wanje. Iko mundani kabisa. Mundani ya selile."

"Ni mingi?"

"Mingi sana! Selile ya moyo iko na mingi kupita, juu moyo haupumzikake."

Niliandika yote. Mtoto hahitaji mambo yaafikiane. Mimi na Madamu tulizungumza hivyo karibu saa nzima, tukaelewana vizuri sana, kila mmoja juu ya kitu chake. Alisema santrali zinatumia sukari na hewa, ile hewa iitwayo oksijeni. Si lazima iwe sukari ya kijiko, akasema, hata bugali na mihogo tumboni vinageuka sukari. Sukari inachomwa polepole, bila moshi na bila kuunguza, na kinachobaki ni maji na ile hewa chafu tunayopumua nje. Nguvu yenyewe hairuhusiwi kuzurura ovyo. Inapakiwa kwenye kitu kidogo kinachoitwa Atepe, yaani herufi ATP zikisomwa kwa Kifaransa, ambacho huipeleka panapohitajika. Kikishaishusha kinabaki nusu tupu, kinaitwa Adepe, kinarudi kujazwa.

Atepe nilimpenda papo hapo. Nilimchora akiwa mwanamume mfupi mwenye bidon ya njano, dumu la maji, kichwani, anapanda kutoka mtoni. Adepe nilimchora akishuka, bidon tupu mkononi, anapiga mluzi. Ndivyo tulivyofanya wenyewe bomba lilipokauka, nami nilijua vizuri tofauti ya shingo wakati wa kushuka na wakati wa kupanda.

Wa kwanza kusomewa somo lile alikuwa Koko, na lilimwingia vilivyo.

"Njo maana!" akapiga paja. "Sukari hakuna mu maduka tangu embargo, tangu majirani walifunga mipaka. Umeme utatoka wapi?"

"Madamu anasema hata bugali inafaa."

"Na kila selile iko na santrali yake?"

"Kila selile. Mingi."

Koko akakunja uso. "Sasa juu ya nini selile ya Mama Bahati walikuwa na umeme juzi, na sisi tuko mu giza? Mi nitauliza Jumatano."

Na kweli aliuliza. Naambiwa akina mama waliomba kwa bidii sana wiki ile.

Mama alisoma jioni, kati ya kurudi kazini na giza kuingia, muda usiofika saa moja. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nami nikashika kaye na kuuliza. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alibishana na kila kitu, halafu hakukisahau tena. Tulipofika ukurasa wa santrali nikauliza mito Kondri inafanya kazi gani, akainua mguu mmoja kutoka majini.

"Mito? Mito ya maji?"

"Ndiyo, Mama. Ya santrali."

"Mu mwili ya mutu?"

"Madamu amesema iko mundani kabisa."

Akafikiri. Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kisigino chake. "Bon," akasema mwishowe, "ile Madamu anajua kufananisha. Endelea."

Alikutana na Madamu njiani mara mbili tatu kabla ya mtihani, na kosa lingeweza kufa palepale. Lakini walikuwa wanaongea, hawakuwa wanaandika, na kwa mdomo neno lilikuwa lilelile. Madamu alimuuliza kama ameelewa mitokondri, Mama akamjibu kwamba mito Kondri ameielewa vizuri sana, asante Madamu, wakaagana wakiwa wameridhika wote wawili.

Na aliielewa. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Jioni moja aliacha ghafla kujibu maswali yangu, akatazama ukuta.

"Ile mutu ya kitanda ya tano," akasema. "Chupa ya oksijeni ilikwisha, midomo ikageuka rangi, vidole ikageuka rangi. Na alikuwa amekula! Bibi yake alimuletea bugali na mukeke, nikapangusa mimi mwenyewe mifupa ya ile samaki. Nilijiuliza: mutu ameshiba, juu ya nini anakosa nguvu? Sasa naona. Chakula iko, hewa hakuna. Mito haizungushe kitu. Atepe wako wanasimama na bidon tupu."

"Alikufa?"

"Apana. Tulikimbia, tukaleta chupa ingine. Amerudi kwao." Akatia mguu ndani ya beseni tena. "Uliza ingine."

Baadaye sana, nilipoisoma biolojia yenyewe, nilikuta jambo ambalo hata Madamu hakutueleza. Mitokondria ina kuta mbili. Nguvu inayotoka katika kuchoma chakula hutumika kwanza kusukuma chembe ndogo za haidrojeni upande mmoja wa ukuta wa ndani, zinasongamana huko zikitafuta njia ya kurudi, na mlango ni mmoja tu. Zinapopita mlangoni zinazungusha kitu ambacho ni gurudumu kweli, linazunguka kweli, na mzunguko huo ndio unaobandika kipande cha mwisho kwenye Adepe awe Atepe. Ni bwawa na mtambo wake. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka msimamizi akaja kuniangalia. Lakini nilipokuwa na miaka minane sikuwa na habari hizo za kujitetea nazo.

Maana siku moja kabla ya mtihani niligundua. Mama alikuwa amenituma kumrudishia Madamu sahani yake, na juu ya meza ya Madamu kulikuwa na kitabu kikubwa kilichofunguliwa. Pichani kulikuwa na kitu mfano wa karanga iliyopasuliwa katikati, ndani yake mikunjo mikunjo, na juu yake neno refu. Nikalisoma kama nilivyofundishwa kusoma Kifaransa.

"Madamu, mitoshondri ni nini?"

"Hapo unasoma k," akasema kutoka jikoni. "Mitokondri. Si nilikufundisha?"

Nilitazama tena. *Mitochondrie.* Neno moja, limeshikana kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mto popote.

"Na mito?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Mito gani?"

"Hakuna, Madamu."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa nyumba tatu tu, lakini nilitembea muda mrefu. Nilimkuta Mama anapiga pasi kikwembe chake cha bluu, kile kitenge cha harusi, na anaimba. Mama hakuwa mwimbaji. Aliponiona akaanza kujiuliza na kujijibu mwenyewe, kwa mbwembwe, pasi ya makaa inakwenda na kurudi: santrali ya selile ni nini, ni mito Kondri, inatumia nini, sukari na oksijeni. Aliniangalia akisubiri nimpongeze. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilisema, "Ndiyo, Mama," nikaenda kukaa nyuma ya nyumba na kuku wa jirani. Nimefanya makosa makubwa zaidi tangu hapo, lakini hakuna ambalo bado linanipa joto masikioni kama lile la kunyamaza.

Kesho yake aliondoka asubuhi akiwa na kikwembe cha bluu na viatu vya kuazima. Sikula. Koko alinipima homa kwa kiganja mara nne. Mama alirudi saa nane mchana, akavua viatu mlangoni, akakaa chini kabisa na kuegemeza kichwa ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Riziki," akaniita, "kuya hapa."

Akatueleza. Walikuwa wawili mezani, daktari mzee mwenye miwani na mama mmoja mkubwa wa shule. Walimuuliza mifupa, akajibu. Walimuuliza damu, akajibu. Walimuuliza selile inapata wapi nguvu, akasema mito Kondri, na hakuna aliyeshtuka, wakaitikia kwa vichwa, vizuri sana, *très bien*.

"Ile daktari akasema: mama, andika ile jina ku tablo ya ukutani. Nikaandika. Vile we uliandika. Mito, nikaacha nafasi, Kondri, na K kubwa."

"Yesu wangu," Koko akasema, ingawa hakuwa ameelewa tatizo liko wapi.

"Daktari akatoa miwani. Alicheka mpaka akatoa miwani! Lakini ile mama, apana, hakucheka. Akaniuliza: hiyo ni mito gani? Nikasema: ya Kondri. Daktari akalala ku meza. Ile mama akaniuliza: ulisomea wapi? Njo nikaelewa kuna kitu. Nikamwambia ukweli. Mi sikusoma, nikamwambia, mi nilikuwa napangusa kwenu hapa. Mutoto wangu njo alisoma, mu kiti yangu."

"Na yeye?"

"Akasema: eleza basi mito yako inafanya nini. Nikaeleza yote. Sukari, hewa, Atepe na bidon. Nikaeleza na ile mutu ya kitanda ya tano. Akaandika ku karatasi. Sikuona ameandika nini." Akafuta macho, akanigeukia, bado anacheka. "Mito Kondri! We mutoto, ulitoa wapi?"

Ningeweza kucheka naye na mambo yakaisha. Lakini sikuvumilia tena. "Mama," nikasema, "mi nilijua. Jana. Niliona ku kitabu ya Madamu."

Kicheko kikamtoka usoni. Aliinuka, akaingia ndani, nikasikia anaweka viatu vya watu juu ya kabati. Alipotoka alikuwa amevaa kikwembe cha nyumbani.

"Kukosa, nilikuwa nimekusamehe ku barabara," akasema. "Lakini we ulijua, ukaniacha niende nayo mbele ya batu?"

"Niliogopa."

"Mi pia niliogopa. Tungeogopa pamoja."

Akaenda kukata mboga zake za lengalenga. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Siku zilizofuata alinisemesha kama kawaida, kula, oga, funga mlango, lakini jioni aliketi peke yake na beseni lake, na kaye ilikaa juu ya kabati karibu na redio isiyo na betri. Sikujua la kufanya na muda ule wa kabla ya giza. Nilimkosa sana, na alikuwa pale hatua tano tu.

Siku kumi hivi zikapita, ikasemekana majina yamebandikwa kwenye lango la shule ya wauguzi. Mama alikuwa zamu, na hata asingekuwa zamu asingekwenda. Alisema hawezi kutafuta jina lake mbele ya watu, alikose, kisha arudi kwenye ndoo wakimtazama. Asubuhi, akifunga kitambaa kichwani, aliniita.

"Utaenda na Koko. We njo uliandika, we njo utasoma."

Nilioga mara mbili siku ile. Tulikwenda kwa miguu, Koko mbele na mwavuli wake, mimi nyuma, na barabara ilikuwa tulivu, wauza parachichi wamepanga mafungu yao kama hakuna vita duniani. Koko hakujua kusoma, akabaki ng'ambo ya barabara na kunisukuma kwa ncha ya mwavuli. Nikapenya kati ya miguu ya watu wazima mpaka kwenye karatasi. Majina yalikuwa kumi na manne. Niliyasoma kutoka juu hadi chini. Nikayasoma kutoka chini hadi juu, maana nilidhani huenda wamemweka mwisho kwa sababu ya tablo. Nikayasoma mara ya tatu kwa kidole, na mara ya nne nikatafuta herufi M tu, halafu R tu. Mtu mmoja nyuma yangu alipiga yowe la furaha akanikanyaga mguu, nami sikusikia maumivu.

"Hayumo," nikamwambia Koko.

Alinishika mkono, akanifunika mwavuli ingawa jua lilikuwa dogo, na njia nzima aliongea na Mungu kwa sauti ya chini, kwa adabu, lakini akimlaumu.

Mama alirudi jioni jua likiwa bado kwenye mapaa. Hakubadilisha nguo. Alikuja moja kwa moja nyuma ya nyumba, katika yunifomu yake ya kijani, akasimama mbele yangu.

"Sema."

"Hakuna, Mama. Nimeangalia mara nne." Nikaanza kulia. "Ni juu ya mimi. Ni juu ya ile mito."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Akakaa kwenye ngazi, akanivuta nikae karibu yake, na mkono wake ukabaki mgongoni kwangu. "Apana," akasema. "Mi njo niliandika ku tablo. Wewe ulinisaidia. Usilie." Lakini sauti yake ilikuwa imechoka kuliko nilivyowahi kuisikia, na tulikaa hivyo tukiwatazama kuku wa jirani wakigombea ganda la muhogo.

Halafu mkono ule ukasimama.

"Ulikuwa unatafuta nani?"

"We, Mama."

"Ndiyo. Ulikuwa unatafuta jina gani?"

"Mama Riziki."

Akanigeuza nimtazame. "Majina yote uliyasoma? Mara nne?"

"Nne."

"Basi uko nayo mu kichwa. Mi nakujua. Sema yote."

Nikafumba macho kama nilivyofanya na kaye, nikayatoa moja baada ya jingine, bila haraka. Barampama Félix. Bukuru Anita. Hatungimana Révérien. Kaneza Odette. Mbonimpaye Claver. Nabindu Joséphine. Nahimana Béatrice.

"Simama. Rudi nyuma moja."

"Nabindu Joséphine."

Mlangoni Koko aliangusha kitu cha bati. Nilifumbua macho nikamwona Mama ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanapita juu ya vidole. Nilimuuliza huyo ni nani. Mnielewe. Kartye nzima ilimwita Mama Riziki, Baba alimwita Mama Riziki, Koko pia, na kwenye karatasi zangu za shule waliandika jina la Baba. Haikuwahi kunijia kichwani kwamba kabla yangu kulikuwa na msichana mahali fulani, na kwamba watu walikuwa wakimwita kwa jina.

"Ita tena," akasema.

"Nabindu Joséphine."

"Apana, kwa sauti. Vile wanaita mu darasa."

Nikasimama, nikashika kaye ambayo haikuwepo, nikaita kwa nguvu zangu zote mpaka kuku wakatawanyika. Na Mama akainuka kwenye ngazi, akanyoosha yunifomu yake ya kufagilia kwa viganja, akaweka mikono kando.

"Niko," akasema.